Sekunde Kumi na Moja za Ukungu

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Hayakumpata shemeji yangu, wala dereva fulani niliyekaa naye stendi. Nalisema mapema kwa sababu nawajua wasomaji wangu: mtu aliyepita chuo kikuu akianza kusimulia habari za wafu, watu hukisia ama pombe, ama njaa. Pombe sikuwa nimeigusa. Ulanzi wa mianzi niliokunywa ni wa siku ya pili yake, baada ya mambo kwisha, na hata wewe ungekunywa. Kuhusu njaa sina la kujitetea.

Jambo jingine. Visa vya namna hii huanza saa saba usiku, mbwa wakilia. Changu kilianza saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa, mwezi wa saba, pale Makambako. Usiku hatukuwa na umeme. Aliyekuwa na shida na kompyuta yangu ilimbidi afuate ratiba ya mgao kama sisi wengine.

Miaka ile ilikuwa ya soko huria. Mashirika ya umma yaliuzwa, na ofisi niliyokuwa nikiitengenezea filamu za kuwafundisha wakulima namna ya kuhifadhi mahindi ilifungwa bila hata kuagana. Wakanipa kiinua mgongo, nikanunua kamera na kompyuta iliyokwishatumika, nikahamia Makambako. Hesabu yangu ilikuwa ya kisomi kabisa: kila kitu kinapita pale, treni ya Zambia, malori, mbao, mahindi, kwa hiyo na fedha zitapita. Zilipita kweli. Hazikusimama.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni. Ukuta kwa ukuta nami alikuwa Mama Zaina, mwanamke wa Tabora, akiuza chai na maandazi. Kati ya chumba changu na kibanda chake palikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, ambalo alipitishia chai na matusi.

"Msomi," aliniuliza wiki ile, "leo umepika picha ngapi?"

"Mia tatu."

"Za nini?"

"Za lori."

"Zote za lori lile lile?"

"Lile lile, ila kila picha limesogea kidogo."

"Haya. Mimi nimepika maandazi mia tatu, na kila moja lina mtu wake wa kulila."

Alikuwa na haki ya kucheka. Lakini lazima nikueleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kilichonipata. Ukitaka kompyuta ikutengenezee lori linalotembea barabarani, lori ambalo halijapata kuwapo, inabidi uichoree umbo lake, uiambie jua liko wapi na ukungu uko wapi, kisha inakaa na kupiga picha moja moja. Sisi tuliita kurenda. Sekunde moja ya kutazama inataka picha ishirini na tano, na kwa mashine yangu picha moja ilichukua kama dakika mbili. Kila picha inajiandika kama faili lenye namba yake: moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Halafu unazipanga, unazitia sauti, unazibana ziwe faili moja la video, ndipo unachoma kwenye CD.

Kule kubana kuna ujanja wake, nao uweke akilini. Kompyuta haiandiki kila picha yote. Inaandika ya kwanza, halafu kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta usiosogea hauandikwi mara mbili. Kitu kilichotulia hakichukui nafasi, na faili lake linakuwa jepesi kama hamna kitu ndani.

Aliyeniletea kazi ya lori alikuwa mtu mmoja anaitwa Festo, mfanyabiashara wa mbao, kutoka kijiji kimoja karibu na misheni, ng'ambo ya Njombe. Mdogo wake, Gaudensi, alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Mwaka uliotangulia lori lake lilitumbukia mtoni upande wa huko, akazikwa huko huko. Sasa familia ilikuwa inaondoa matanga, na kwa kuwa hakukuwa na mwili walioupata kuuaga, Festo alitaka video: picha chache za marehemu, wimbo wa kwaya, na mwisho lori likiondoka taratibu kuingia kwenye ukungu, huku sauti ya marehemu mwenyewe ikisikika.

Sauti ilikuwako. Gaudensi hakupenda kuandika barua. Alirekodi kaseti na kuzituma nyumbani kwa madereva wenzake. Mama yao alikuwa kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa bado kijana, na alikuwa amejifunza kusoma midomo. Basi kila kaseti ilipofika, Festo alikaa mbele ya mama, akasikiliza, akayarudia maneno polepole kwa mdomo wake, na mama akayasoma pale. Ndivyo familia ile ilivyopokea barua zake. Festo alikuwa sikio la mama.

Tuliisikiliza kaseti ya mwisho pamoja, hedifoni moja kila mtu na sikio lake. Gaudensi alikuwa na sauti nzito kidogo, ya mtu anayecheka kabla ya kumaliza sentensi. Alisalimu, akasimulia baridi, akauliza habari za mahindi. Halafu, mwishoni kabisa, akasema: "Mwambie Mama nina mtoto Makambako, anaitwa Zaina. Mama yake anauza chai pale stesheni. Mama amwone. Na ile miti ya bondeni niliyoipanda, ni ya Zaina."

Nikageuka kulitazama dirisha dogo. Upande wa pili Mama Zaina alikuwa anamgombeza mtu juu ya kikombe kilichovunjika.

Nilikuwa najua kwamba baba wa Zaina alikuwa dereva na kwamba alikufa. Habari hizo zilimfikia Mama Zaina kama zinavyowafikia wanawake wasio na cheti cha ndoa: kwa utingo wa gari jingine, akiwa amesimama na birika mkononi. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda msibani, aliniambia, "Nikajitambulishe kama nani, Msomi?" Ila sikujua kwamba dereva wake ndiye huyu wangu.

"Hapo mwisho pakate," Festo alisema.

"Pote?"

"Kuanzia 'mwambie Mama'. Kwani mama anajua habari hizo? Mimi sikumwambia. Ana presha. Leo umwambie ana mjukuu, Mwislamu, kwa mwanamke asiyemjua, hujamletea msiba wa pili?"

"Lakini mama hasikii. Ukiiacha itamdhuru nini?"

"Wageni watasikia, Mwalimu. Na wageni wana midomo."

Nilisema nini? Nilisema uamuzi ni wa mteja. Ndiyo faida ya elimu: mtu ambaye hakusoma angesema tu kwamba anaogopa. Nikaikata. Nilipima, zilikuwa sekunde kumi na moja kamili. Sauti iliyobaki, nilipoipunguza ukimya wa hapa na pale, ikawa dakika moja. Basi nikaiagiza kompyuta irende lori la dakika moja: picha elfu moja na mia tano. Siku zile zote nikafanya kazi na hedifoni masikioni, ili ile sauti isipite dirishani. Na kila asubuhi nikanywa chai ya Mama Zaina, na Zaina, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, alikuja kuazima penseli kwangu.

Sasa Ijumaa yenyewe. Misa ya kumwombea marehemu ilikuwa Jumamosi, umeme ulikuwa unakatwa saa kumi na mbili jioni, na kubana video yote kungechukua saa nne. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, ule wa Makambako wa mwezi wa saba, ambao unasikia treni ikipiga honi na huoni reli. Nilikuwa nimewasha jiko la mkaa chini ya meza na bado pumzi yangu ilitoka kama moshi wa sigara. Kompyuta ilikuwa katika picha ya elfu moja mia nne na kitu.

Mlango ukafunguliwa.

"Kamwene," mtu alisalimu.

"Kamwene," nikajibu.

Alikuwa na koti zito la kijani, kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, na skafu iliyozungushwa mdomoni mpaka puani. Usidhani hilo lilinitisha. Mwezi ule, pale kwetu, nusu ya watu unawajua kwa macho tu. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mgongo kwa dirisha dogo, akatazama kioo cha kompyuta. Ikatoka picha moja. Ikatoka ya pili. Watu huchoka upesi kutazama kazi ile. Yeye hakuchoka.

"Hili gari halina dereva," akasema.

Nikacheka. "Kompyuta yangu ni ndogo. Kuchora lori naweza. Kuchora mtu, uso, mikono, kungechukua mwaka. Kioo nimekitia giza."

"Gari litajiendeshaje? Mama atauliza."

"Mama atasikia…" Nikakumbuka.

"Mama hasikii," akasema yeye.

Nikadhani ni ndugu yao. Nikamuuliza, akasema, "Ni wa kule kule." Sauti yake ilinisumbua kidogo, lakini nilikuwa nimesikiliza kaseti ile siku nne mfululizo mpaka muuza maziwa, mtangazaji wa redio na mimi mwenyewe sote tukawa tunasikika kama Gaudensi. Wewe msomaji umeshamjua ni nani. Mimi, mwenye shahada, sikumjua.

Mama Zaina akapitisha vikombe viwili dirishani. "Chai hizo, Msomi. Na ya mgeni wako."

Mtu yule hakugeuka. Aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeguswa begani.

"Bado anazidisha tangawizi," akasema polepole.

"Unamfahamu?"

"Mtoto anasoma?" akauliza.

"Ameanza la kwanza. Jana alikuja hapa kuazima penseli. Hajairudisha."

Akatazama picha mbili au tatu zikitoka. Ndipo nikaona jambo ambalo nalikumbuka kuliko yote. Pumzi yangu ilikuwa inatoka nyeupe, mbele ya kioo cha kompyuta, kila niliposema neno. Yake haikutoka. Na ile skafu, alipokuwa akizungumza, haikuwa ikisogea.

"Sauti mmeikatia wapi?" akaniuliza.

Nikadanganya. Niamini, nilidanganya upesi kama mtu aliyejiandaa. "CD ni ndogo, ndugu yangu. Haikutosha."

"Sekunde kumi na moja hazikutosha?"

Sikuwa nimemtajia mtu yeyote idadi ile. Hata Festo sikumwambia. Yeye akasimama, akakaribia kioo, akatazama lori langu likizama kwenye ukungu. Picha ya elfu moja mia tano ikatoka, kazi ikakoma.

"Basi," akasema. "Sauti iache hivyo ulivyoikata. Sauti si ya Mama."

Akatoka. Mlango aliufunga taratibu, kama mtu mwenye adabu anayetoka chumba cha mgonjwa. Nilipochungulia nje, ukungu ulikuwa umesimama mlangoni mweupe kama shuka, na sikusikia hatua.

Mama Zaina akaja kuchukua vikombe. "Mgeni wako mbona hakunywa? Nami nimemtilia bila sukari, sijui mkono ulinituma nini. Nilivyouona ule mgongo tu…" Akakatisha. Alikuwa amekiinua kikombe. Chai ilikuwa imefanya utando wa barafu juu, utando mwembamba, ule unaoukuta kwenye ndoo ya nje alfajiri. Ndani ya chumba, jirani na jiko la mkaa, kwa dakika ishirini. Tukatazamana. Akaufuta mkono wake kwenye khanga, akakichukua kikombe, akaenda bila kunitukana. Hilo peke yake lingetosha kunitisha.

Nikarudi kwenye kompyuta, kwa sababu mtu akiogopa hufanya kile anachokijua. Nikafungua folda ya lori kuhesabu picha kabla ya kubana. Zilitakiwa kuwa elfu moja na mia tano. Zilikuwa elfu moja mia saba na sabini na tano.

Nikafungua ile ya elfu moja mia tano na moja. Ukungu. Iliyofuata, ukungu. Zote mia mbili sabini na tano zilikuwa ukungu mtupu, bila lori, bila barabara. Nikajisemea mashine imerudia picha ya mwisho, hitilafu ya kawaida. Nikazifuta. Nikahesabu tena. Elfu moja mia saba na sabini na tano. Nikazifuta tena, nikazima mashine, nikawasha. Zilikuwako.

Kisha, kwa bahati mbaya ya kusoma hesabu, nikagawa mia mbili sabini na tano kwa ishirini na tano.

Mtu mwenye moyo angeelewa pale pale afanye nini. Ile sauti niliyoikata ilikuwa bado imo kwenye kompyuta; kuirudisha ilikuwa kubonyeza kipanya mara mbili. Nilikishika kipanya. Nikamwona Festo akilini, na watu wake wa mbao, na studio yangu ikisemwa vibaya kuanzia Makambako mpaka Njombe. Nikajiambia: amesema mwenyewe sauti iache. Kwa kufuta na kuhesabu huko saa nane ilikuwa imefika, na umeme haungenisubiri. Nikaacha sauti ya dakika moja, nikaacha picha zote kama zilivyo, nikaamrisha ibane. Sekunde kumi na moja za ukungu zitamdhuru nani?

Jumamosi Festo akanipitia na pikapu. Njia nzima alizungumzia mbao. Kijijini misa ilikuwa imekwisha, watu wamekaa uani chini ya turubai, wanawake upande huu, wazee upande ule na vibuyu vyao vya ulanzi. Nikafunga televisheni na deki sebuleni, jenereta ikanguruma nyuma ya nyumba, watu wakajaa mpaka milangoni.

Mama yao aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto. Alikuwa mdogo wa umbo, na macho ambayo hayakukuachia uso. Ukimsalimu, anakutazama mdomo, na midomo yake mwenyewe inatikisika kidogo, akiyafuata maneno yako. Nilimsalimu. "Wewe ndiye wa mashine," akaniambia, kwa Kiswahili cha sauti ya juu isiyojisikia. "Sema wazi, usimung'unye." Watu wakacheka. Nilimpenda na nikaona haya kwa pamoja.

Video ikaanza. Picha za kipaimara, za shule, watu wakataja majina ya waliosimama pembeni. Kwaya ikaimba. Kisha likaja lori langu, na sauti ya Gaudensi ikajaza sebule, na shangazi yao mmoja akaanza kulia. Mama alitazama tu, kama anayetazama gari la mtu mwingine. Kwake lilikuwa lori bubu, tena halina dereva. Lori likazama. Sauti ikafika kwenye "msalimieni wote", nilipokuwa nimekata, ikanyamaza.

Ukabaki ukungu kwenye kioo, na ngurumo ya jenereta.

Mama akasimama.

Alikwenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja juu ya kioo, pembeni, jinsi unavyomshika mtu shavu asigeuke. Mimi niliona ukungu. Festo, niliyekaa naye bega kwa bega, aliona ukungu. Niliwauliza baadaye wengi kati ya waliokuwa sebuleni, na kila mtu aliniambia ukungu, labda ulikuwa unatikisika kidogo. Lakini midomo ya mama ilikuwa inasogea. Ilikuwa inayafuata maneno, kama ilivyoyafuata yangu nilipomsalimu.

Umewahi kuhesabu sekunde kumi na moja? Jaribu. Ni ndefu.

Kioo kikawa cheusi. Mama akageuka, akasema kwa ile sauti yake ya juu, na kila mtu akasikia: "Ana mtoto Makambako. Anaitwa Zaina. Mama yake anauza chai pale stesheni. Anasema nimwone. Na miti ya bondeni ni ya Zaina."

Neno kwa neno. Kaseti hiyo tulioisikia duniani tulikuwa wawili, na tulikuwa tumekaa bega kwa bega.

Festo alikuwa amegeuza uso ukutani, ili mdomo wake usisomwe. "Mama anaweweseka," aliwaambia watu. "Ni majonzi. Mpeni maji."

Mama hakumtazama. Alinijia mimi. "Wewe wa mashine. Nimesoma sawasawa?"

Watu wote wakanigeukia. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na wenye mbao, kulikuwa na Festo ambaye ndiye angenirudisha Makambako kwa pikapu yake. Sijawahi kuwa shujaa, na nakuapia hata siku ile sikuwa. Nilimwona tu yule mtoto akija kuazima penseli, na nikaona kwamba mama huyu anautazama mdomo wangu, na hakuna namna ya kumung'unya.

"Ndiyo, Mama," nikasema, wazi, kila herufi. "Ni hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeikata sauti."

Nilirudi Makambako Jumapili, nyuma ya lori la mahindi, baada ya ule ulanzi niliokutajia. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alishuka pale stesheni, akamkuta Zaina anafuta meza, akamshika kidevu, akamtazama mdomo, akasema, "Sema jina lako."

"Zaina," mtoto akasema.

Mama yake alikuwa amesimama na birika. Safari hii birika lilimponyoka.

Leo Zaina ni mtu mzima, na miti ya bondeni amekwisha kuivuna mara moja na kupanda upya. Tangu utoto, kila likizo, yeye ndiye aliyekaa mbele ya bibi yake na kumrudia maneno ya watu, mpaka bibi alipofariki. Festo aliendelea kuishi uani pale pale. Hakuna aliyemfukuza. Ila nimeambiwa kwamba kuanzia siku ile, kila alipofungua kinywa, mama yake aligeuka kumtazama mtoto, amwambie Festo amesema nini hasa.

Mimi studio niliifunga, nikaanza kuandika, kazi ambayo haihitaji umeme wala ujasiri. Folda ya lori bado ninayo. Nimeihamisha kwenye kompyuta tatu. Zile picha mia mbili sabini na tano nimezikagua moja moja, nukta kwa nukta, na zote ni picha moja: ukungu ule ule, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Nilikwambia kitu kisichosogea hakichukui nafasi. Basi kila mara ninapozibana peke yake, bila sauti, faili linatakiwa liwe jepesi kama hamna kitu. Haliwi. Kila mara, kwenye mashine zote tatu, linatoka zito kama video ya mtu aliyekaa karibu na kamera, anaongea.

Kwa hiyo nakuonya, hasa wewe kijana unayepewa kanda za watu uzisafishe. Hesabu picha zako kabla ya kubana, na zikizidi, usizifute. Na sauti ya mtu asiyeweza kurudi kujisahihisha usiikate kwa sababu mteja amesema. Kata ya aliye hai. Huyo akikukasirikia, atakuja kugombana na wewe, na pumzi yake utaiona.